Kujifunza Gitaa bila Mwalimu: Njia ya Katanga na Pwani ya Ufipa

Kipili ni bandari ndogo katika pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, nchi ya Ufipa, Mkoa wa Rukwa. Mbele yake viko visiwa viikingavyo na mawimbi; nyuma yake nchi yapanda mpaka nyanda za juu, ambako umejengwa mji wa Sumbawanga. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya nyanda hizo yapita mita 1,700. Mtu aitazamaye Kipili kutoka Dar es Salaam huiona kuwa pembe ya mwisho ya nchi. Aitazamaye kutoka majini huiona kuwa kituo kimojawapo cha njia ndefu. Ng'ambo ya ziwa, upande wa kaskazini-magharibi, iko Moba, ambayo Wabelgiji waliiita Baudouinville. Na nyuma ya Moba, mbali kusini-magharibi, iko Katanga, nchi ya shaba.

Njia hiyo yaihusu historia ya muziki. Katika Katanga, hasa miaka ya 1940 na 1950, ulikua upigaji wa gitaa ambao baadaye ulisikika Afrika Mashariki yote, nao uliandamana aghalabu na nyimbo za Kiswahili. Wapigaji wake hawakupita katika chuo cha muziki. Habari za maisha yao hurudia maneno yale yale: alijifunza mwenyewe. Maneno hayo hutajwa kama sifa, kisha maelezo hukomea hapo, kana kwamba gitaa lilianguka mikononi mwa kijana likaanza kulia. Makala haya yachunguza maneno hayo. Yaonyesha kwamba kujifunza mwenyewe kulikuwa na taratibu zake, na hata walimu wake, ijapokuwa hawakuitwa walimu. Na ya kwamba kwa kutotambuliwa walimu hao, elimu nyingi imepotea pasipo mtu kuihesabu kuwa elimu.

Shina la neno

Yafaa kuanza na lugha. Kiingereza kina vitenzi viwili visivyo na undugu, kimoja cha mwenye kutoa elimu na kingine cha mwenye kuipokea. Kiswahili hakikugawa hivyo. Katika shina moja, -fund-, yametoka maneno mengi: kumfunda mwari, yaani kumpa adabu na siri za utu uzima, kufundisha na mafundisho, kufunza, funzo na mafunzo, mwanafunzi, na fundi, yaani mtu ambaye kazi imemkaa mkononi. Mwenye kupokea elimu hakupewa shina lake mwenyewe. Alipewa kiambishi -ji-, kirudishacho tendo kwa mtendaji: kujifunza, yaani kujipa mafunzo.

Kwa sababu hiyo hata mtoto aliyeketi darasani, mwalimu akiwa mbele yake na chaki mkononi, husemwa kwamba anajifunza. Lugha yamhesabu kuwa ni yeye ajifundishaye, na mwalimu ni msaada. Msemaji atakapo kueleza kwamba hapakuwa na mwalimu, kitenzi peke yake hakimtoshi. Hana budi kuongeza neno: alijifunza mwenyewe, au alijifunza bila mwalimu. Kitenzi chenyewe hakikani kuwako kwa mwalimu, wala hakimlazimishi awepo. Basi swali la mwanahistoria si kama fulani alifundishwa au hakufundishwa. Swali ni kwamba mafunzo aliyojipa aliyapata wapi.

Jambo la pili la lugha ni kitenzi kupiga. Mswahili hupiga ngoma, hupiga zeze, hupiga gambusi na udi, hupiga kinanda. Gitaa lilipofika, likiingia upande wa mashariki kwa Kiingereza na upande wa Kongo kwa Kifaransa, halikuja na kitenzi chake. Jina lilikuwa geni, lakini tendo lilikuwa la zamani. Huu ni ushahidi mdogo, lakini wafaa kukumbukwa, kwa maana waonyesha kwamba wenyeji hawakulipokea gitaa kama kitu kisicho na ndugu. Waliliweka mara moja katika jamaa ya vyombo walivyokwisha kuvijua.

Njia ya shaba na njia ya gitaa

Njia iliyounganisha Ufipa na Katanga ni kongwe kuliko mipaka ya Wazungu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Usumbwa na Unyamwezi walikwenda magharibi kutafuta shaba na pembe. Mmoja wao, Msiri, ambaye pia aliitwa Mwenda, alikaa huko na kuanzisha dola ya Garenganze, makao yake yakiwa Bunkeya. Watu wake walijulikana kwa jina la Wayeke. Dola hiyo ilianguka Desemba 1891, Msiri alipouawa na watu wa msafara wa Stairs, msafara uliokuwa umevuka Ziwa Tanganyika kutoka Karema. Wayeke hawakurudi Usumbwa. Walibaki Katanga, na jina la Mwenda likabaki kuwa jina la watawala wao.

Wasomaji wa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo W. H. Whiteley aliyatoa pamoja na tafsiri katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959, watakumbuka kwamba yeye naye alipita Ufipa, akazunguka ncha ya kusini ya ziwa mpaka Urungu na Itahua, ambako alimshinda Nsama mwaka 1867. Njia hizo ndizo zilizopeleka Kiswahili Katanga. Kiswahili hicho, ambacho baadaye kilitumiwa na makampuni ya madini na misheni, kikawa lugha ya miji ya Katanga. Edgar Polomé alikieleza katika maandishi yake juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968. Hivyo kijana wa mjini Jadotville aliyetunga wimbo katika mwaka 1950 alitumia lugha ambayo mtu wa Kipili aliweza kuifuata, ijapokuwa matamshi na sarufi vilitofautiana.

Enzi ya wakoloni iliongeza vyombo vya safari. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata reli ya Wabelgiji ikafika Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi meli hiyo ilikwenda baina ya Kigoma na Mpulungu, ikipitia Kipili na Kasanga. Katika bandari nyingi ndogo za ziwa hilo ilisimama majini, na mashua zikaiendea kupokea abiria na mizigo.

Abiria hao wengi walikuwa watu wa kazi. Ufipa ilikuwa nchi ya kutoa vibarua. Wengine walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga, hasa baada ya chama cha wenye mashamba kuanzisha ofisi ya kuandika wafanyakazi, SILABU, mwaka 1944. Wengine katika mgodi wa risasi wa Mpanda, uliofungwa mwaka 1960. Na wengine wengi walivuka mpaka wa kusini kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Migodi hiyo na ile ya Katanga yapakana. Ni ukanda mmoja wa shaba uliokatwa na mpaka. Mtu arudiye nyumbani kutoka huko alileta mablanketi, baiskeli, cherehani na gramafoni, kadiri ya mshahara wake. Kitu kingine alicholeta hakikulipiwa ushuru: mambo aliyoyasikia.

Mwenda Jean Bosco

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika kabila la Wayeke, na baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Basi mtu huyu, ambaye santuri zake zilikuja kusikika Tanganyika kama muziki wa kigeni wa Kongo, alikuwa wa ukoo uliotoka Tanganyika karibu miaka mia moja kabla yake.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kunasa sauti, alikutana naye mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Tracey alinasa nyimbo zake kadha, mmoja wao ukiwa "Masanga". Nyimbo hizo zilitolewa katika santuri za Gallotone, za kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na "Masanga" ukapewa tuzo katika mashindano ya Chama cha Muziki wa Kiafrika. Mpigaji alikuwa kijana wa miaka 22, hana chuo, hana bendi. Katika santuri yasikika gitaa moja na sauti ya mtu mmoja, lakini asiyejua hudhani kwamba wanapiga watu wawili.

Siri ya jambo hilo ilikuwa katika vidole viwili. Bosco alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba lilishika nyuzi nene na kwenda kwa mwendo wake; kidole cha shahada kilishika nyuzi nyembamba na kwenda kwa mwendo mwingine. Mwendo wa kwanza haukuwa mtumishi wa wa pili. Ilipigwa miendo miwili iliyopishana, na katika kupishana kwao sikio likasikia wimbo wa tatu. David Rycroft aliuandika upigaji huo kwa noti katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, nayo makala yake ni ndefu. Mambo ambayo mtaalamu wa muziki alihitaji kurasa nyingi kuyaeleza, kijana wa Jadotville alikuwa ameyapata pasipo karatasi.

Mwaka 1962 Bosco alikaa Nairobi. Kabla yake alikwisha kufika huko jamaa yake, Edouard Masengo, naye ni mpigaji wa Katanga. Mwaka 1969 Bosco alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1990.

Walimu wasioitwa walimu

Sasa yafaa kuuliza tena: mafunzo hayo yalitoka wapi? Majibu manne yapatikana.

La kwanza ni mkono wenyewe. Katika nchi zote zinazolizunguka Ziwa Tanganyika vilijulikana vyombo vidogo vya vijiti vya chuma vilivyopangwa juu ya ubao au kisanduku, vyenye majina mengi kadiri ya makabila: malimba, likembe, kisanji na mengineyo. Chombo hicho hupigwa kwa magumba, na mara nyingine kwa vidole vya shahada pia. Gumba la kulia halifuati la kushoto. Kila moja lina kazi yake, na wimbo hutokea katikati. Mtoto aliyekua akipiga kisanji njiani, ili mwendo usimchoshe, alikuwa amekwisha kulizoeza gumba lake kujitegemea. Watafiti kama Gerhard Kubik wameonyesha jinsi upigaji wa gitaa wa Afrika ya Kati ulivyorithi taratibu za vyombo vya zamani. Kwa mwanafunzi wa Ulaya, kutenganisha gumba na vidole vingine ni somo gumu la miezi mingi. Kwa kijana aliyelelewa na kisanji, nusu ya somo hilo ilikuwa imekwisha kabla hajaliona gitaa.

Jibu la pili ni chombo kilichotengenezwa nyumbani. Gitaa la dukani lilikuwa ghali kwa mtu wa mshahara mdogo, na kwa mtoto halikufikirika. Watoto waliunda la kwao: debe au galoni tupu ya mafuta kuwa tumbo, kipande cha mbao kuwa shingo, na nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya za breki za baiskeli. Chombo hicho kilikuwa na nyuzi mbili, tatu au nne. Ufundi wa kukitengeneza ulikuwa ni mafunzo, kwa maana mwenye kuunda alijua kwa nini uzi ukikazwa hupanda sauti na ukilegezwa hushuka. Kwa nini uzi mnene huvuma na mwembamba hulia. Na mahali gani pa shingo pabanwe ili sauti ipatikane. Mtu huyo alipopata gitaa la nyuzi sita hakuwa mgeni kwalo. Hata baadaye alipotaka kuipandisha sauti ya nyuzi zote kwa pamoja ili ilingane na koo lake, hakununua chombo cha kazi hiyo. Alifunga penseli shingoni kwa kamba au mpira.

La tatu ni sikio. Anayeanza hukutana kwanza na tatizo la kulinganisha nyuzi, na wengi hukata tamaa hapo. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza: uzi mnene ukibanwa katika kipande cha tano cha shingo hutoa sauti ya uzi unaoufuata ukiwa wazi, na hivyo hivyo uzi kwa uzi, isipokuwa uzi wa tatu, ambao hubanwa katika kipande cha nne ili kuupata wa pili. Lakini kanuni hiyo haimsaidii asiyesikia kwamba sauti mbili zimekutana. Kusikia huko hakufundishwi kwa maneno. Watu waliozoea kuimba kwa kuitikiana, ambao sauti za juu na za chini zilipangwa pasipo kuandikwa, walikuwa nako tangu utotoni. Shule za misheni ziliongeza nyimbo za kanisa, lakini gitaa halikuwamo katika masomo yao. Labda hilo lilikuwa na faida yake: kwa kuwa hapakuwa na kitabu cha kuonyesha kosa, kijana aliweza kuulegeza uzi mmoja au kuukaza apendavyo, mpaka mkono upate njia nyepesi ya wimbo wake.

Gramafoni nayo ilikuwa mwalimu wa sikio, ila mwalimu mwenye haraka. Santuri ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulimalizika kwa dakika tatu hivi. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika santuri za Kikuba zilizojulikana kwa herufi GV, na baadaye zikafuata za Léopoldville, za Nairobi na za Johannesburg. Ajifunzaye alirudia upande ule ule mara nyingi, akikamata kipande kimoja kila mara. Gramafoni ya kuvutwa kwa ufunguo ilikuwa na hila: kamani ikilegea mwendo hupungua, na sauti yote hushuka. Mwenye gitaa alilazimika ama kuvuta ufunguo, ama kuishusha sauti ya nyuzi zake. Hivyo alijifunza kwamba wimbo haukai katika sauti moja. Wahamishika, ukabaki ni wimbo ule ule. Redio ilikuwa na haraka zaidi, kwa kuwa haikurudia. Mwaka 1949 kituo cha Lusaka kilianza kueneza redio ndogo ya betri, yenye umbo la sufuria, kwa bei ya pauni 5; Dar es Salaam ilianza matangazo yake mwaka 1951. Mawimbi mafupi hayakusimama mpakani.

Jibu la nne ni mwenzi. Mtu aliyejifunza mwenyewe mara chache alijifunza peke yake. Aliketi karibu na mpigaji, akatazama vidole, akarudi nyumbani kujaribu, akakosa, akarudi kutazama. Hapakuwa na ada, wala saa ya darasa, wala neno "mwalimu". Pengine mpigaji hakujua kwamba alikuwa akifundisha, au alijua naye akageuza mkono wake ili asiibiwe. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa na ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger aliandika historia yake mwaka 1975. Vijana wa beni waliyatwaa mambo ya bendi za askari, wakayapiga kwa vyombo walivyokuwa navyo, wakaieneza ngoma hiyo kutoka pwani mpaka migodi ya shaba kwa njia ya vibarua na askari. Walioleta gitaa walizifuata nyayo zilizokwisha kukanyagwa.

Mfano wa mbali wafaa kuthibitisha jambo hili. Kampuni ya Gallo, iliyotoa santuri za Bosco, ilitengeneza pia magitaa ya bei nafuu huko Durban. Mojawapo, la aina ya Gallotone Champion, lilifika Uingereza, na mwaka 1957 lilikuwa mikononi mwa kijana wa Liverpool aliyeitwa John Lennon, ambaye naye hutajwa miongoni mwa watu waliojifunza wenyewe. Lakini mama yake alikuwa akijua banjo, naye ndiye aliyemwonyesha vidole; kwa muda kijana huyo alilipiga gitaa kama banjo. Huko Liverpool ilikuwa banjo ya mama, na huko Katanga ilikuwa kisanji. Katika mahali pote pawili chombo cha kwanza kilikwisha kuufunza mkono uliokuja kulishika gitaa.

Hasara ya elimu isiyoandikwa

Kama elimu hiyo ilikuwa na walimu, kwa nini haikuhesabiwa? Sababu moja ni shule. Katika enzi ya ukoloni neno "elimu" lilifungwa pamoja na darasa, kitabu na cheti. Mtu aliyemaliza darasa la sita alikuwa na karatasi ya kuonyesha; mtu aliyeweza kupiga miendo miwili kwa mkono mmoja hakuwa na karatasi. Wazazi wengi, na viongozi wa dini pia, waliona gitaa kuwa chombo cha kilabuni, cha ulevi na uvivu. Sifa ya "alijifunza mwenyewe" ilisaidia dharau hiyo pasipo kukusudia, kwa maana ilidokeza kwamba hapakuwa na kitu cha kufundishwa.

Sababu nyingine ni mabadiliko ya muziki wenyewe. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, na vita vya kujitenga kwa Katanga vikaendelea mpaka mwanzo wa mwaka 1963. Katika miaka hiyo hiyo magitaa ya umeme na bendi za dansi yalienea mijini. Kazi ambayo mpigaji wa Katanga aliifanya peke yake iligawanywa: mmoja akapiga solo, wa pili ridhim, wa tatu besi. Mgawanyo huo ulizaa muziki mkubwa. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 1979, alikulia katika bendi ya Morogoro Jazz. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika Orchestra Makassy, aliimba kwa Kiswahili mpaka akahesabiwa kuwa Mtanzania. Lakini gumba liliacha kujitegemea. Wengi wakashika kibanzi cha kupigia, na upigaji wa vidole viwili ukabaki kwa wazee.

Ulipobaki kwa wazee haukuwa na mrithi, kwa sababu haukuwa na darasa la kuurithisha. Mpigaji wa gitaa Mwingereza, John Low, alikwenda Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, kuwatafuta wapigaji wa zamani na kujifunza kwao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1982. Alifanya lile ambalo vijana wa Jadotville walilifanya miaka 30 kabla: aliketi karibu, akatazama vidole. Kazi ya Tracey yahifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Sauti haikupotea. Kilichopotea kwa sehemu kubwa ni maneno: jinsi wapigaji walivyoziita nyuzi, mikao ya vidole, namna za kulinganisha, na makosa ya anayeanza. Santuri huhifadhi wimbo, haihifadhi msamiati wa kuutengeneza.

Hili ni jambo la wataalamu wa lugha kama lilivyo la wataalamu wa muziki. Msamiati wa seremala, wa mvuvi na wa mjenzi wa jahazi umekwisha kukusanywa katika pwani ya bahari, kwa kuwa kazi hizo zilitambuliwa kuwa ufundi. Msamiati wa mpigaji gitaa aliyejifunza mwenyewe haukupewa heshima hiyo. Nao haukuwa wa mji mmoja. Uliundwa katika njia, na vibarua na mabaharia, baina ya Kiswahili cha Katanga, Kibemba cha migodini, Kifipa cha nyumbani na Kiswahili cha redio ya Dar es Salaam. Mahali pa kuutafuta ni katika vituo vya njia hiyo: Kalemie na Moba upande wa magharibi, Kirando, Kipili na Kasanga upande wa mashariki, Mpulungu upande wa kusini. Mtafiti akifika huko asianze kwa kuuliza ni nani aliyefundishwa gitaa, kwa maana ataambiwa hakuna. Na aulize kila mpigaji alitazama vidole vya nani.